Jinsi nilivyoweka umeme katika gereji niliyoigeuza kuwa chumba cha kushonea

Gereji ya nyumba yetu ya South C, Nairobi, ilijengwa kwa ajili ya gari moja, na umeme wake wote ulikuwa balbu moja katikati ya dari, iliyounganishwa na taa za sebuleni. Nilipoamua kuhamishia humo kazi yangu ya ushonaji, watu kadhaa walinishauri nivute waya kutoka kwenye balbu hiyo nifunge soketi mbili tatu, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi jijini. Sikukubali. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5 na hulindwa na breka ya ampea 6 au 10, ilhali pasi yangu ya mvuke peke yake, yenye wati 2,000, huvuta zaidi ya ampea 8 kwa umeme wetu wa volti 240.

Kabla ya kumwita fundi wa stima nilichukua chaki ya kukatia nguo nikachora sakafuni mahali pa kila kitu: cherehani mbili kubwa, ovaloki (mashine ya kupindia kingo za kitambaa), meza ya kukatia, ubao wa pasi na rafu ya birika. Fundi anazifahamu nyaya kuliko mimi, lakini hawezi kukisia kwamba kitambaa kizito huangukia upande wa kushoto wa cherehani, na kwamba waya wowote unaoning'inia upande huo utanaswa siku moja. Alipofika na kuona alama kumi za soketi ukutani aliniuliza, "Mama, hizi zote ni za nini?" Nikamwonyesha michoro ya sakafuni, naye akaanza kuhesabu mzigo badala ya kubishana.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Pasi na birika ni wati 2,000 kila kimoja, mota tatu za mashine ni wati 400 kila moja, na taa hazifiki wati 100. Vyote vikiwaka pamoja ni takriban ampea 22. Kwa hiyo tulivuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye breka yake ya ampea 32 katika kisanduku kikuu cha nyumba hadi kisanduku kidogo ndani ya gereji. Humo taa zina breka ya ampea 6, na soketi zimegawanywa katika njia mbili za waya wa milimita za mraba 2.5, kila njia na breka ya ampea 20. Pasi iko kwenye njia moja na birika kwenye nyingine, na taa hazitegemei hata moja kati ya hizo, kwa sababu sitaki breka ya soketi ikikatika nibaki gizani huku sindano ikiwa ndani ya kitambaa na mguu wangu kwenye pedali.

Soketi zote zinalindwa pia na kifaa kinacholinganisha umeme unaoingia kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na kukata mara moja tofauti inapofika miliampea 30, yaani umeme unapokuwa umepata njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu. Kifaa hicho hakiondoi haja ya athi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Cherehani zangu ni za chuma na zilikuja na plagi za pini mbili, ambazo wengi huzichomeka kwa adapta na kuacha mwili wa mashine bila athi kabisa. Tulizibadilisha nyaya na plagi zote ziwe za pini tatu zenye fyuzi. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi hushika maji vizuri lakini hupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo fundi alishindilia fimbo ya athi hadi chini ya sehemu inayopasuka, kisha akaipima badala ya kuiamini tu.

Sakafu ya gereji iko chini kuliko ya nyumba, na anayeishi South C anajua mvua za Aprili zinavyoweza kuingia ndani. Soketi zimewekwa mita moja kutoka chini, na nyaya zote hushuka kutoka juu ndani ya paipu za plastiki. Huko juu pia tuliziweka mbali na mabati, maana joto la mchana hupunguza uwezo wa waya wa kubeba umeme.

Nyaya nilizinunua mwenyewe mjini. Nilimwomba muuzaji akwangue ncha kwa kisu mbele yangu, kwa kuwa ziko zinazouzwa kama shaba ilhali ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na weupe wake huonekana mara moja. Muuzaji mmoja alikataa kukwangua, nikaenda duka la pili.

Taa zilinichukua muda mrefu kuliko kitu kingine. Mirija ya taa ya zamani yenye choki, kifaa kinachodhibiti umeme wa mrija, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na chini yake gurudumu linalozunguka laweza kuonekana kama limesimama, jambo la hatari kwa mtu anayekaribia kuligusa. Nilichagua mirija minne ya LED ya wati 18, nikaijaribu dukani kwa kamera ya simu kuona kama ina michirizi, dalili ya kuwaka na kufifia, na nilikuwa nimebeba kibunda cha nyuzi nyeusi na za buluu iliyoiva. Nashona sare za shule. Taa isiyonitofautishia rangi hizo mbili hainifai hata ikitolewa bure. Mirija miwili iko mbele ya cherehani, kidogo upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono wangu wa kulia kisiangukie sindano.

Kuchimba ukuta na kufukia paipu nilimwachia mpwa wangu, lakini kuunganisha na kupima kulifanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini. Alipima ukinzani wa kihami cha kila njia, yaani kama ganda la nyaya linazuia umeme usivuje, kwa volti 500 kabla ya kuwasha, akabonyeza kitufe cha majaribio cha kile kifaa cha miliampea 30, kisha akabandika karatasi kwenye kisanduku kueleza kwamba nyaya za zamani za nyumba ni nyekundu na nyeusi ilhali mpya ni kahawia na buluu.

Niliongeza mita ndogo kama zile ambazo wenye nyumba huwawekea wapangaji, ili nione uniti zinazotumiwa na chumba hiki peke yake. Pasi ndiyo inayokula uniti nyingi, kwa hiyo sasa gharama ya kupiga pasi naiandika mstari wake katika ankara ya mteja.