Kuuzunguka Ukuta wa Nördlingen

Nilifika Nördlingen, mji mdogo wa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, kwa treni niliyobadilisha Donauwörth, na kabla sijaiona nyumba hata moja ya mji wa kale nilikwisha kuuona mnara wa kanisa la Mtakatifu George ukichomoza juu ya tambarare ya mashamba. Nilikusudia kukaa saa chache tu. Nililala huko siku mbili, na kilichonizuia kuondoka ni ukuta.

Ukuta huo una urefu wa kilomita 2.7, na njia ya walinzi iliyoezekwa vigae inauzunguka mji wote, kwa hiyo mtu akipanda ngazi kwenye mojawapo ya malango matano anaweza kutembea kivulini hadi arudi pale pale alipoanzia. Ulianza kujengwa baada ya mwaka 1327, pale mtawala Ludwig wa Bavaria alipoagiza vitongoji vilivyokuwa vimeota nje ya ukuta wa kwanza viingizwe ndani ya ulinzi. Ukuta ule wa kwanza haupo tena, lakini nilipopanda mnarani niliutambua katika mitaa inayopinda kulizunguka kanisa, kama duara ndani ya duara.

Nilitembea taratibu mno. Upande wa nje kuna matundu membamba ya kurushia silaha, na upande wa ndani njia inatazama moja kwa moja nyua za watu. Nyumba ndogo zimeegemea ukuta tangu zamani, na ndani yake wanaishi watu: niliona nguo zilizoanikwa, baiskeli za watoto, bibi mmoja akimwagilia maua. Mara kadhaa nilihisi ningepaswa kubisha hodi. Nimetembelea ngome nyingi ambazo jioni hufungwa kwa kufuli na kubaki tupu, na hakuna hata moja iliyonigusa namna hii.

Sababu ya ukuta kusalia mzima inahuzunisha. Nördlingen ulikuwa mji tajiri wa biashara, wenye mnada mkubwa wa Pentekoste unaotajwa katika maandishi tangu mwaka 1219. Kisha ikaja Vita vya Miaka Thelathini, iliyoikumba Ulaya ya kati katika karne ya 17, na mwaka 1634 mji ukazingirwa, watu wengi wakafa kwa njaa na maradhi, na jeshi la Wasweden na washirika wao lililokuja kuuokoa likashindwa vibaya karibu na hapo. Biashara haikurudi ilivyokuwa. Wakati miji iliyostawi ilipokuwa ikibomoa kuta zake ili ipanuke, Nördlingen haukuwa na haja kubwa ya kupanuka, na umaskini wa vizazi vile ndio uliotuachia uzuri tunaoupiga picha leo.

Mawe nayo yana habari yake. Mji umejengwa ndani ya kasoko la Ries, lenye upana wa takriban kilomita 25, ambalo kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa la volkano kama lile la Ngorongoro. Mwaka 1960 wanajiolojia Eugene Shoemaker na Edward Chao walithibitisha kwamba lilichimbwa na kimondo, kilichoanguka miaka milioni 15 hivi iliyopita. Kishindo kile kiligeuza grafaiti iliyokuwamo mwambani kuwa chembe za almasi zisizoonekana ila kwa hadubini, na jiwe hilo, suevaiti, ndilo lililojengea kanisa na mnara wake. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 waliletwa hapa kujifunza kusoma miamba ya namna hiyo kabla ya safari yao ya mwezini. Niliuwekea ukuta wa kanisa kiganja changu kwa muda mrefu. Ni mwamba wa kijivu, wenye madoadoa, unaokwaruza.

Mnara wenyewe, ambao wenyeji huuita Daniel, una kimo cha karibu meta 90 na ngazi 350, na bado una mlinzi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa sita, kila nusu saa, yeye huita kutoka juu: «So, G'sell, so!», yaani takriban «Hivyo, mwenzangu, hivyo!» Masimulizi ya mji yanasema maneno hayo ni ya mwanamke aliyegundua, usiku mmoja wa mwaka 1440, kwamba lango limeachwa wazi kwa hila ya adui, baada ya kumwona nguruwe akijisugua kwenye mlango nao ukafunguka. Usiku wa kwanza niliusikia wito huo nikiwa kitandani. Usiku wa pili nilikwenda kusimama chini ya mnara, nikausikia wa saa nne, nikafunga vizuri koti langu, nikangoja wa saa nne na nusu.