Mafuta ya kaimati yaliniunguza mkono wenye hina: nilivyouuguza hadi ukapona

Ramadhani iliyopita, saa kumi na mbili na robo hivi, magharibi inakaribia, niko uani kwetu Langoni, Lamu, nachoma kaimati za futari. Karai lilikuwa halijakaa sawa juu ya jiko nikataka kulisogeza kwa kitambaa, kumbe kitambaa chenyewe kimelowa, ule mvuke ukanichoma vidole nikaliachia na mafuta yakanimwagikia mgongo wa mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko cha mkono pale bangili zinapokaa. Nilipiga ukelele majirani wa chochoro nzima wakasikia. Nawaandikia haya yote kwa urefu kwa sababu Lamu kila Ramadhani kuna mtu anaungua jikoni, na mimi mwenyewe kabla ya siku ile nilikuwa sijui nini hasa kinafanyika ndani ya ngozi, ingawa kazi yangu ya kila siku ni ngozi za watu, mimi ni mpakaji hina.

Jirani wa kwanza aliingia na kolgeti mkononi, wa pili na yai. Mapenzi tu, wala siwalaumu, hata mimi ningewafanyia vile vile. Bahati yangu mtoto wa dadangu alikuwa nyumbani likizo, anasomea uuguzi, akanishika mkono mzuri akanivuta mpaka kwenye mitungi ya maji huku anasema, "Khalati, pete! Vua pete na bangili sasa hivi, mkono haujafura!" Bangili zikatoka, pete ikatoka kwa taabu. Mfereji siku ile haukuwa na maji na ya kwenye birika la kuhifadhia maji hakutaka kuyatumia, mle mna samaki wetu wa kula viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo akafungua mtungi wa lita 20 wa maji safi akawa ananimwagia kwa kata polepole bila kuacha. Nikamwambia basi mwanangu, yatosha. Akasema la, dakika 20 kamili, ameweka saa kwenye simu. Nikaomba barafu akakataa, anasema barafu inabana mishipa ya damu na ngozi iliyoungua inataka damu. Adhana ikatukuta pale pale, akanitia tende mdomoni huku mkono mwingine bado anamwaga.

Usiku ule sikulala kwa maumivu, na yeye akakaa na mimi akinieleza, na nadhani yale maelezo ndiyo yaliyonifanya nisiuchezee mkono wangu.

Alinieleza hivi. Ngozi yetu imejengwa kwa seli, vidude vidogo mno havionekani kwa macho, na kila seli iko kama mashua. Mnajua mashua ya mbao hata iwe imetiwa kalafati vipi lazima maji yaingie kidogo kidogo, na lazima awepo mtu wa kufua maji. Seli nayo chumvi inaingia ndani siku zote na maji yanaifuata chumvi, kwa hiyo ina pampu ndogo ndogo kwenye ukuta wake zinazotoa ile chumvi usiku na mchana. Pampu zinakula nguvu. Seli ikiumia, kwa moto, kwa kukosa hewa, kwa sumu, nguvu inapungua, mfuaji maji anachoka, maji yanajaa na seli inafura. Hapo bado haijafa! Ikipata damu na hewa upesi inaweza kurudi kama zamani. Lakini ukuta wake ukipasuka, basi imezama, na vilivyomo ndani vinamwagika na kuwatia wasiwasi majirani zake wote.

Na kwenye kuungua, akasema, seli hazifi zote pamoja. Kuna daktari Mwingereza, Douglas Jackson, mwaka 1953 aliligawa jeraha la moto sehemu tatu: katikati pale palipopata moto mkali zimekufa, hapo hakuna la kufanya, pembeni kabisa ni wekundu tu na patapona penyewe, na baina ya hizo mbili kuna sehemu ambayo seli ziko nusu hai nusu maiti, damu inapita kwa shida, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo zinazoamua kama zitaishi au zitazama. Yale maji ya dakika 20 yalikuwa ya kuwaokoa wale walio nusu hai nusu maiti. Kolgeti ingewafunika na joto lao na uchafu juu yake. Nilipolielewa hilo nililia tena, mara hii sio kwa uchungu, niliwaza tu zile seli zangu ziko pale zinahangaika na mimi nilitaka kuzipaka yai.

Asubuhi tukaenda hospitali. Nikapigwa sindano ya pepopunda, nesi akasafisha, na lile lengelenge kubwa la mgongo wa mkono lilikuwa limeshapasuka lenyewe usiku kwa hiyo akaikata ile ngozi iliyolegea na kuiondoa. Na hapa ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau. Siku mbili kabla nilikuwa nimejaribu mkorogo mpya wa hina ya Idi kwenye mkono wangu mwenyewe, maua na majani yake, imeshika vizuri rangi ya zabibu. Ile ngozi ilipotoka ilitoka na ua zima! Kipande chepesi kama ganda la kitunguu, na ua langu limo, majani na vitone vyote, na chini yake pale kwenye mkono pako pekundu, pameloa maji, hapana hata alama ya hina.

Miaka yote napaka hina na sikuwahi kujiuliza inafika wapi. Haifiki mbali. Ngozi ina tabaka kubwa mbili, ya juu inaitwa epidermisi na ya chini dermisi, halafu chini yake kuna mafuta. Epidermisi nayo ina safu zake, kwenye chini kabisa ndiko seli zinazaliwa, zinasukumwa kwenda juu, njiani zinajijaza keratini, kitu kile kile cha kucha na nywele, na zikifika juu zimeshakufa, zimekuwa bapa, zimelaliana kama makuti. Safari yote hiyo ni kama wiki nne. Hina inashika keratini kwenye yale makuti ya juu, na yanavyopukutika ndivyo hina inavyofifia, ndio maana hina ya bibi harusi haimalizi wiki tatu. Na ndio maana kiganjani na kwenye nyayo inakolea mno kuliko kwenye mkono, kwa sababu pale makuti ni mengi, epidermisi ya kope ni nusu ya sehemu ya kumi ya milimita na ya kiganja au nyayo inaweza kufika milimita moja na nusu. (Nikiwa hapo niseme na hili, wateja wanaotaka ile nyeusi ya haraka, piko, ile ina kemikali inaitwa PPD na inaweza kuitoa ngozi malengelenge na kovu. Mimi siwapaki watoto piko hata mama yake anilipe mara mbili.)

Sasa nesi akanibonyeza sehemu mbalimbali kwa kidole. Pale kwenye pekundu niliruka. Lakini karibu na bangili kulikuwa na kipande kama shilingi ishirini, cheupe, hakina hata lengelenge, na hakiniumi, nikafurahi nikasema hapa angalau pamesalimika. Akatingisha kichwa. Neva za kusikia maumivu zinapita ndani ya dermisi, akasema, hapa moto umeteremka chini umeziua na neva zenyewe. Palipouma ndipo palipokuwa na uhai. Jamani hili mlishike kwa watoto wenu, mtoto akiungua na mahali hapamuumi usiseme hapana neno, hapo ndipo pa kukimbilia hospitali.

Tukarudi na shashi ya vaselini na bendeji, za kubadilisha kila baada ya siku mbili. Shangazi yangu hakupendezwa, yeye anataka kidonda kiachwe wazi kipigwe na kaskazi kikauke. Mtoto wa dadangu hakumjibu vibaya, alimwambia tu taratibu, "Bibi, seli mpya zinatambaa, na zinatambaa kwenye unyevu, pakikauka zinabidi zichimbe chini ya gaga la kidonda." Akamsimulia kwamba mwaka 1962 mtafiti George Winter alijaribu kwa nguruwe, vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi kwa nusu ya muda wa vile vilivyoachwa vikauke. Shangazi kusikia nguruwe akasema astaghfirullah, lakini bendeji aliiacha.

Kosa langu nililifanya siku ya sita. Nafungua bendeji mwenyewe, mtoto wa dadangu katoka, nakuta utando wa njano juu ya kidonda. Nikasema usaha huu, nikachukua shashi na maji ya chumvi nikasugua mpaka ukatoka, damu ikachuruzika na maumivu yakarudi kama siku ya kwanza. Haukuwa usaha. Usaha una harufu, mkono unazidi kuwa moto na wekundu unasambaa, na homa juu, mimi sikuwa na lolote katika hayo. Ule ulikuwa ni mabaki ya maji maji ya damu yaliyoganda juu ya jeraha, na chini yake kazi inaendelea: seli nyeupe za damu za kwanza zilishakuja siku ile ile niliyoungua zikafuatwa na nyingine kubwa zinazokula zile seli zilizokufa na kuita wajenzi, wajenzi wanafuma kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi, mishipa midogo ya damu inaota. Nami nimepita na shashi nikakwangua na ile ngozi changa iliyokuwa imeshaanza kutambaa. Nilijichelewesha siku kadhaa. Toka hapo sikugusa tena bila kuuliza.

Watu walinikataza samaki na mayai eti vinawashisha kidonda, lakini kolajeni ni protini na mwili hauifumi sawasawa bila vitamini C, kwa hiyo nilikula samaki changu, mayai, na ndimu na maembe kila nilipofuturu.

Siku ya kumi na saba pale palipokuwa pekundu pakafunga. Pakavu, pa waridi, panang'aa kama karatasi ya peremende. Nikaogopa ndio rangi yangu mpya. Basi wiki kadhaa baadaye nikiwa kwenye baraza na jua la asubuhi naona vitone, vidogo vidogo vya kahawia, kila kimoja kimekaa kwenye shimo la laika, unywele mdogo wa mwilini! Nilikimbilia ndani kumwonyesha mtoto wa dadangu. Kumbe vile vishimo vya laika vinazama mpaka kwenye dermisi, moto ulipounguza juu seli zilizojificha mle zilisalimika, na ndizo zilizopanda kufunika kidonda, na pamoja nazo zile zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Seli za melanini mtu mweusi na mweupe wanazo idadi inayokaribiana, tofauti ni namna zinavyofanya kazi. Vitone vikatanuka vikakutana, vingine vikitokea kwenye ukingo, kama hina inavyokolea.

Kile kipande cheupe cha karibu na bangili hadithi yake nyingine. Pale vishimo viliungua vyote, kwa hiyo ngozi ilibidi itoke pembeni tu, ikachukua zaidi ya mwezi, na imeacha kovu lililoinuka na gumu, hata laika moja halioti. Kovu linavuta, jamani, usiku nilikuwa nahisi mkono unakunjwa, kwa hiyo kila baada ya swala nilikuwa nakunja na kukunjua kiwiko cha mkono mara ishirini na kulikanda kwa mafuta ya nazi, na mchana nafunika na mtandio jua lisilipige. Kovu linaendelea kujipanga mwaka mzima na zaidi, na likishakomaa nguvu yake ni kama asilimia 80 ya ngozi ya asili.

Juzi kulikuwa na harusi Mkomani, bibi harusi ni binti wa yule jirani aliyeniletea yai. Nilipomaliza kumpaka akaniambia na wewe jipake, shangazi, mkono umepona. Nikajichora ua lile lile la siku ile. Asubuhi kulipambazuka limekolea mgongo mzima wa mkono, ila jani moja lililopita juu ya kovu limeshika rangi hafifu, ya chungwa.