Mkia wa Kiluwiluwi

Kwa miaka 11 nilichora kongosho, kile kiungo kinachotoa maji ya kusaga chakula, ubaoni haraka haraka, kama kitu cha kupitia tu njiani kutoka tumboni kwenda kwenye ini. Watoto wa darasa la sita walitaka moyo na mapafu. Kongosho hakuna aliyeiuliza.

Mwaka 2021 daktari mmoja wa Dar es Salaam alinichorea yangu nyuma ya fomu ya maabara, na aliichora vizuri kuliko nilivyowahi kuichora mimi: kiluwiluwi kimelala ubavu, kichwa kimekumbatiwa na utumbo mdogo, kiwiliwili kimekatiza mbele ya uti wa mgongo, mkia umefika hadi kwenye wengu. Mkiani akatia duara.

"Hapa, mwalimu. Sentimita 5 na nusu."

Tanga nilikuwa nimetibiwa vidonda vya tumbo miezi mitano, mpaka kipimo cha ultrasaundi kikaona kitu cheusi chini ya mbavu za kushoto, na CT skani ikamaliza ubishi: fuko la maji mkiani mwa kongosho. Daktari akanieleza kuwa mafuko ya maji kwenye kongosho hayafanani. La maji mepesi mara nyingi huachwa, likaangaliwa tu. Lipo linalobaki baada ya kongosho kuvimba, lakini mimi sikuwahi kuugua hivyo. Langu lilionekana la ute mzito, la aina ambayo karibu wote wanaoipata ni wanawake, na baadhi yake likiachwa hugeuka saratani. Kwa hiyo litoke, na mkia utoke nalo.

Mtu mwenye akili zake angeuliza habari za saratani. Mimi niliuliza, "Utatoboa au utapasua?"

Kosa la wifi yangu hilo. Mwaka uliotangulia alitolewa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo tumboni, bila kupasuliwa, kesho yake akarudi nyumbani, na wiki haikuisha akawa sokoni anabishania bei ya samaki changu. Kila jioni alinipigia. "Wifi, usikubali kisu. Sema matundu. Ukinyamaza watakupasua kama papa."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema nyongo ametoa nyingi, hakumbuki idadi. Mikia ya kongosho kwa matundu amefanya 9, na katika hiyo 2 ilibidi afungue tumbo katikati ya kazi. Nilimpenda kwa hesabu ile. Angeweza kusema "nyingi" na mimi ningeamini.

"Na hao tisa walipona upesi?"

Hakunijibu kwa wagonjwa wake, alinijibu kwa Waholanzi. Wao waliwagawa wagonjwa 108 wa mikia kama yangu kwa bahati nasibu, nusu matundu, nusu kisu, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Wa matundu walirudi kwenye hali ya kujitegemea kwa siku 4, wa kisu kwa siku 6. Damu iliyopotea ilikuwa ndogo kwa matundu, muda mezani ulikuwa mrefu zaidi. "Lakini kongosho kuvuja," akasema, akigonga kalamu kwenye mchoro pale ambapo angeukata mkia, "matundu hayakupunguza. Kidonda cha ndani ni kilekile, mwalimu. Ngozi ndiyo inayopata nafuu."

Hayo ya kuvuja yalinipita. Nilishika siku 4.

Kilichomsumbua yeye ni wengu, ambao mama yangu anauita bandama. Mishipa yake ya damu imelala juu ya mkia wa kongosho. Ukivuta vibaya, wengu unaondoka. Asiye na wengu malaria humwendea vibaya, na mimi naishi Tanga. Vijidudu vya nimonia na vya uti wa mgongo navyo humkuta hana mlinzi. Akaniagizia chanjo wiki mbili kabla, kwa tahadhari. Kwenye fomu ya ridhaa niliweka sahihi ya upasuaji wa matundu "na kufungua tumbo ikilazimu". Maneno hayo manne niliyasoma mara moja tu, tena kwa jicho la pembeni.

Siku yenyewe sina la kusimulia. Nusu kaputi haina hadithi. Sista alisema nihesabu, nikafika 6.

Nilipozinduka jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kuuliza saa wala kuomba maji, ni kupeleka mkono chini ya shuka kuhesabu plasta. Nilitarajia nne au tano. Nilikuta bandeji moja, na kidole kikaifuata kutoka chini ya mfupa wa kifua mpaka karibu na kitovu, na bado haijaisha. Nikalia. Kulia kwenyewe kuliuma, nikaacha.

Daktari alikuja jioni, akavuta kiti. Akasema wameanza vizuri, wamejaza hewa, kamera imeingia, fuko limeonekana. Wakati wa kuutenga mshipa wa wengu, tawi dogo likachanika na damu ikaziba kioo cha kamera. "Ningeweza kuendelea kutafuta gizani. Nikafungua." Wengu ulibaki. Fuko lilitoka zima, halikupasuka. Nikamwambia asante, huku moyoni nikimnunia kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli.

Kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Kigoma, mkubwa kwangu, mwenye tatizo karibu na langu. Wake walimaliza kwa matundu. Siku ya tatu alikuwa anatembea wima ukumbini, khanga begani, analalamika bega tu. Manesi walimwambia ni ile hewa waliyomjaza tumboni, inachokoza kiwambo cha kupumulia na maumivu yanajitokeza begani. Bega! Mimi kukohoa tu kulihitaji mto wa kukumbatia na watu wawili. Aliruhusiwa siku ya tano. "Pole, mwanangu," aliniambia akiaga, nami nikajibu asante kwa sauti ambayo si ya mtu mwema. Mimi nilitoka siku ya kumi, na mpira bado umechomekwa ubavuni, unatiririsha maji ya kongosho kwenye mfuko. Vimeng'enya vilevile nilivyokuwa nawaandikisha watoto, sasa vinanichoma ngozi pembeni ya mpira, na mume wangu akajifunza kunipaka krimu.

Wiki ya tatu nilirudi kliniki. Majibu ya maabara yalikuwa yametoka: ute, hakuna saratani. Nikatoka kwa daktari nimelegea magoti, nikakaa kwenye benchi. Mama wa Kigoma alikuwa hapo hapo, amejitanda khanga hadi magotini ingawa joto lilikuwa la Februari.

Nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Akanitazama ubavu, pale nguo yangu ilipotuna. Kisha akafunua ncha ya khanga yake taratibu. Mfuko, kama wangu, mpira kama wangu.

Tulicheka mpaka nikashika kidonda.

"Wako jana ulitoa ngapi?" akauliza.

"Mililita 40."

"Wangu 60," akasema, na nadhani alijivuna kidogo.