Mzinga wa picha ya Mzee, na jinsi nilivyoutambua kwa mgongo wake

Nyumbani kwetu Kikwajuni, Unguja, kuna picha moja ambayo kila mtu ana hadithi yake. Baba yake babu, ambaye sote tunamwita Mzee, kasimama ubavuni mwa mzinga mkubwa wa magurudumu, mkono mmoja kashika spoki. Nyuma yake wapo Wazungu wawili wa kofia za jua. Ami yangu siku zote akisema huo ni mzinga wa Seyyid Khalid, aliyejitangaza sultani wa Zanzibar, wa vile vita vya dakika 38 na Waingereza vya Agosti 1896. Shangazi yeye anasema wa Mreno. Kwa shangazi kila kikongwe kisiwani hapa ni cha Mreno, hata kisima cha uani.

Mimi si askari, ni fundi wa mafriji. Lakini kazi yangu yote ni kutazama kitu kilichopoteza kibandiko na kusema kimetengenezwa na nani, kwa hiyo picha ile ilinikera.

Ya Seyyid Khalid niliivunja bila hata kuutazama mzinga. Niliigeuza picha tu. Nyuma imechapwa kama postikadi, na katikati kuna mstari unaotenga upande wa anwani na upande wa barua. Postikadi za namna hiyo Waingereza walianza kuziruhusu mwaka 1902. Ami akanijibu kuwa karatasi inaweza kuwa mpya na picha ya zamani, na hapo alisema kweli. Nikamuuliza: Mzee, ambaye nyinyi wenyewe mnasema alizaliwa karibu na mwaka ule wa vita, masharubu yale kayapata wapi? Akanyamaza akanywa kahawa.

Kilichobaki ni lile ambalo familia nzima inakubaliana: Mzee alichukuliwa kuwa mpagazi bara katika vita vya Mjerumani na Mwingereza. Na vita hivyo vina mizinga mikubwa ambayo mtu wa Unguja hana budi kuijua. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea nje ya bandari yetu na kuipiga Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga hapa ikitengeneza mashine zake. Makombora ya Pegasus hayakumfikia adui. Ilizama siku ile ile, na baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani, pua na mji. Königsberg nayo ikajificha delta ya Rufiji hadi Julai 11, 1915, ilipomalizwa. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake yote kumi, wakaitia magurudumu, wakapigana nayo nchi kavu.

Basi, nikasema, nimeshapata. Nusu saa baadaye nikasoma kuwa Waingereza nao waliiopoa mizinga ya Pegasus, wakaitia magurudumu vile vile, na askari wao wakaiita Peggy.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mizinga hii ni kama mapacha. Wa Kijerumani tundu lake ni milimita 105, wa Kiingereza ni inchi nne, yaani milimita 101.6. Urefu wa mtutu, ukiupima kwa upana wa tundu, ni mara 40 kwa yote miwili. Nilikaa na rula na kimo cha Mzee nikijidanganya kuwa nitapima. Katika picha mzinga wenyewe una urefu wa sentimita nane, yaani kila kitu kimepunguzwa kama mara 50. Ile tofauti ya kama milimita tatu na nusu, ukiigawa kwa 50, inabaki unene wa unywele. Nikaitupa rula.

Tofauti ya kweli iko nyuma, pale kombora linapoingizwa. Mjerumani alifunga mzinga wake kwa kipande cha chuma kinachoteleza kwa ubavu, kama droo ya kabati. Ili kipande hicho kipate pa kupita, mgongo wa mzinga umeachwa bonge la pembe nne. Wa Pegasus unafungwa kwa kizibo cha duara chenye meno ya skrubu, kimetiwa bawaba, ukikifungua kinazunguka kando kama mlango.

Nikaipeleka picha kwenye duka moja la mjini wanaiskani. Kijana akanirudishia kwenye flashi picha safi kabisa, mikwaruzo imetoka, hata uso wa Mzee umekuwa laini kama wa bwana harusi. Niliikuza: nyuma ya mzinga, bonge la pembe nne. Königsberg! Jioni nikaenda nalo Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, nikalimwaga mbele ya watu kumi na kahawa zao, na kwa wiki mbili nikawa mtu wa maana.

Kisha nikaenda Mombasa harusini. Pale Ngome ya Yesu ipo mizinga ya manowari zote mbili, mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus. Watalii wanapigana picha mbele, kwenye mtutu. Mimi nimevaa kanzu ya harusi, nimeinama nyuma. Nilipotoka mmoja kwenda mwingine na kurudi, moyo ukaanza kunienda mbio. Katika picha yetu, kwa kulia kwa ule mgongo, kulikuwa na kivuli cha mviringo ambacho mimi nilikichukulia kuwa kofia ya mtu.

Niliporudi sikufungua flashi. Nilichukua picha yenyewe, nikakaa nayo mlangoni asubuhi jua likiwa la upande, na lenzi ya kutazamia namba ndogo za kompresa. Ile kofia haikuwa kofia. Ni kizibo cha duara, kimefunguliwa, kimekaa kando juu ya bawaba yake, na ubavuni kina vijistari vilivyopangana, sehemu ina meno na sehemu ni laini. Kijana wa duka alikuwa amepitisha programu ya kusafisha, nayo ikayahesabu meno yale kuwa mikwaruzo, ikayafuta, kisha ikanyoosha kingo za mgongo hadi zikawa pembe. Simlaumu sana, nilimwambia mwenyewe "itengeneze".

Niliiskani upya kwa nukta 1200 kwa inchi, bila kusafisha chochote, uchafu na alama za vidole vyote ndani. Meno yanaonekana.

Kurudi Jaws Corner kusema nimekosea ilikuwa kazi kuliko utafiti wote. Nyumbani, ami nilimpa lenzi kwanza. Alitazama muda mrefu, jicho moja kalifumba.

"Kwa hivyo ni wa meli iliyozama hapa hapa kwetu?"

"Ndiyo ami. Umetoka bandarini petu, ukapelekwa bara, na Mzee akaukuta huko."

Shangazi alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso. "Na hiyo bandari," akasema, "wa mwanzo kutia nanga kati ya hao Wazungu wenu si Mreno?"