Damu Ikipoa, Kazi Imekwisha: Kumwambukiza Mbu Malaria Maabara

Ukipasua mbu 40 siku ya nane baada ya kuwalisha damu yenye malaria, usikute hata oosisti moja (kifuko ambamo kimelea hukua kwenye ukuta wa utumbo wa mbu), wa kwanza kulaumiwa ni mbu. Utasikia kizazi kimechoka, au viluwiluwi walilishwa vibaya. Mara nyingi mbu hana kosa. Kosa lilitokea siku ya kulisha, katikati ya mkono wa aliyetoa damu na kikombe cha mbu, na lilichukua dakika mbili tatu tu: damu ilipoa.

Kimelea cha Plasmodium falciparum hakina macho. Kinachokijulisha kwamba kimetoka kwa mtu na kuingia tumboni mwa mbu ni joto kushuka nyuzi kama 5, pamoja na asidi ya zanthureniki anayoitengeneza mbu mwenyewe. Gametosaiti dume (gametosaiti ni hatua ya kimelea ya uzazi, dume au jike, iliyomo kwenye damu ya mtu) ikishapata ishara hizo hunakili DNA yake mara tatu, na ndani ya robo saa hivi hutoa gameti, yaani mbegu za kiume, nane nyembamba zinazochapa huku na huku kama mijeledi. Gametosaiti jike nayo hujivua seli nyekundu iliyokuwa imejificha ndani yake. Gameti hizo za dume, nyembamba kama uzi, ndizo alizoziona Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, huko Constantine, Algeria, mwaka 1880. Tone lake la damu lilikuwa nje ya mwili, juu ya kioo, limeshapoa. Kwake ilikuwa bahati. Kwa anayelisha mbu ni hasara, maana gameti zikitoka ndani ya kichupa zinachoka kabla mbu hajagusa damu.

Kwa hiyo anza kwa kupasha vifaa moto, ndipo umwite mtu wa kutoa damu. Maji yanayozunguka kwenye vilishio vya kioo (vikombe ambavyo mbu hunywea damu kupitia utando mwembamba) yawe yamefika nyuzi 37 hadi 38, na yapimwe kwenye kilishio cha mwisho kwenye mpira wa maji, kwa kuwa hapo ndipo yanapofika yamepungua joto. Sindano, kichupa, pipeti na hata vijiti vyake vya plastiki vilale kwenye joto hilohilo. Kinachosahaulika zaidi ni sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili seli na majimaji vitengane: mashine inaonyesha 37, lakini vikombe vyake vya chuma vimetoka kabatini vikiwa baridi.

Kichupa kiwe cha heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kifuniko cha kijani. Kile cha zambarau, chenye EDTA, ndicho kinachojaa kwenye trei za kliniki, na mkono hukizoea. EDTA huzuia damu kuganda kwa kuikamata kalsiamu, na bila kalsiamu dume halitoi gameti. Siku nzima inaweza kupotea kwa rangi ya kifuniko.

Kuhusu nani atoe damu: pima tone nene la damu kwa darubini, hesabu gametosaiti hadi ufikishe seli nyeupe 500. Ukichukulia seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita, gametosaiti moja uliyoiona ni sawa na 16 kwa mikrolita. Kiasi hicho kinaweza kuambukiza mbu, ila usitarajie wengi. Mtoaji awe ameridhia kwa maandishi (kwa mtoto, mzazi au mlezi), na matibabu yake yasisubiri matokeo ya mbu.

Damu ya mtu aliyekulia penye malaria huwa na kingamwili kwenye plazima yake (majimaji ya damu), na nyingine huzuia kimelea kisiendelee ndani ya mbu. Ukitaka kujua uwezo wa vimelea vyenyewe, zungusha damu, ondoa plazima, na uweke seramu ya kundi AB ya mtu asiyewahi kuishi penye malaria. Gawa damu hiyo mara mbili: nusu na plazima yake, nusu na seramu ngeni. Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo itakayokuambia kama kinachozuia kipo kwenye plazima. Ukilisha kundi moja tu, hutajua.

Mbu wawe majike wa siku 3 hadi 5, wamenyimwa sukari kwa saa 6 hivi au zaidi. Hamsini kwa kikombe cha karatasi panatosha. Wakibanana hawanywi vizuri. Vuta Parafilm (utando unaonyumbulika) mpaka iwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu, funga kilishio, weka damu, zima taa. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kisha toa wote ambao tumbo halijajaa damu. Hapa pasiwe na huruma: mbu aliyelamba kidogo akibaki, siku ya nane atahesabiwa kama mbu safi, na kiwango cha maambukizi kitashuka kwa uongo.

Kipimo cha bei nafuu wakati wanakunywa: weka mikrolita 10 za damu hiyo kwenye slaidi, funika kwa kioo chembamba, ziba kingo kwa vaselini, acha ipoe. Baada ya dakika 15 tazama kwa ukuzaji wa 400, ukitafuta mahali ambapo seli nyekundu zinatikisika zenyewe. Ukiona, dume ni wazima. Usipoona, usimwage damu, kwani madume yanaweza kuwa machache mno kwa tone moja.

Baada ya hapo ni utunzaji: nyuzi 27, unyevu karibu asilimia 80, pamba yenye sukari ya asilimia 10 inayobadilishwa kila siku kabla haijaota ukungu. Miguu ya meza isimame kwenye mabakuli ya maji yenye tone la sabuni, la sivyo sisimizi watafanya hesabu yao kabla yako.

Siku ya 7 au 8 pasua. Lewesha mbu kwa baridi, mweke kwenye tone la PBS (maji ya chumvi ya maabara) chini ya darubini ya kupasulia. Sindano moja ishikilie kifua. Kibano kishike pingili mbili za mwisho za tumbo na kuvuta polepole, bila kusita katikati. Utumbo hutoka kama uzi uliovimba, ukiburuta mirija ya Malpighi na ovari. Ukivuta kwa pupa utakatika, na oosisti zitabaki ndani ya ganda. Uhamishie kwenye merkurokromu (rangi nyekundu) ya asilimia 1 kwa dakika 10, ufunike, uanze na ukuzaji wa 100.

Oosisti ni duara lenye ukingo mkali, waridi zaidi kuliko ukuta wa utumbo, na ndani yake mna chembe za rangi ya kahawia iliyokolea zilizopangana kama mstari au msalaba. Chembe hizo ni mabaki ya damu ambayo kimelea kilikula kikiwa kwa mtu. Ndizo zilizomshtua Ronald Ross huko Secunderabad, India, Agosti 1897, alipoziona kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Mapovu na seli za utumbo zilizovimba hudanganya wageni, lakini hayana chembe hizo. Panda hadi 400 kila unaposita.

Andika kila mbu, pamoja na wenye sifuri. Oosisti hazigawanyiki sawa: wengi hawana kitu, wachache wana moja au mbili, mmoja ana 30 na anapandisha wastani wote peke yake. Toa asilimia ya walioambukizwa na idadi kwa kila mbu. Moja bila nyingine haitoshi.

Ukitaka sporozoiti, vimelea vya kwenye tezi za mate vinavyoambukiza mtu, subiri siku ya 14 hadi 16. Hapo mbu anaweza kuambukiza mtu, kwa hiyo auawe kabla ya kupasuliwa, kwa kumtumbukiza kwenye spiriti ya asilimia 70 na kumsuuza. Bonyeza kifua kidogo na uvute kichwa. Tezi za mate hutoka zimening'inia shingoni, kila upande vipande vitatu vinavyong'aa. Waliosalia kwenye kikombe, chenye neti mbili, wahesabiwe na kulinganishwa na daftari. Akipungua mmoja, mlango haufunguliwi mpaka apatikane.