Kutafuta maporomoko yaliyojificha nyuma ya vihamba vya Kilimanjaro

Anayetaka kupiga picha za maporomoko ya maji mkoani Kilimanjaro huelekezwa moja kwa moja Materuni au Kinukamori, na ni haki, kwa kuwa huko kuna njia iliyotengenezwa, kiingilio na vijana wa kumwongoza mgeni. Mimi navutiwa zaidi na yale yasiyo na kibao, yaliyo hatua chache tu kutoka nyumba za watu, chini ya migomba na mibuni, ambayo hata hivyo ni kazi kuyafikia, kwa sababu mito ya upande wa kusini wa mlima imechimba makorongo yenye kuta zilizosimama wima. Unaweza kuyasikia maji yakinguruma ukiwa uani kwa mtu, na usione hata tone.

Kazi huanzia mezani. Ramani ya kipimo cha 1:50,000 huonyesha mahali ambapo kontua, yaani mistari ya mwinuko, zinabanana zinapokatiza mto, na hapo ndipo ninapotia alama. Picha za setilaiti husaidia kidogo, kwani migomba na miti mirefu hufunika korongo lote. Ninachotafuta humo ni vijia vinavyokwenda ukingoni na kuishia hapo. Kijia cha namna hiyo hakikosi sababu: ama kuna anayeshuka kukata majani ya ng'ombe, ama kuna banio la mfongo.

Mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, ndio jambo ambalo wapiga picha wengi hawalitilii maanani, nami naamini lina uzito kuliko lenzi yoyote. Juu ya maporomoko, mara nyingi utakuta banio, yaani mawe yaliyopangwa kukingama mto, nyufa zake zimezibwa kwa vigogo vya migomba na udongo, ili maji yageuzwe kwenda mashambani kwa zamu. Siku ya zamu maporomoko yaweza kubaki uzi mwembamba hata kama mvua ilinyesha juzi. Kwa hiyo kabla ya kupanga siku ya picha, huuliza kwanza ni nani mwenye maji siku hiyo. Wala sijawahi kufikiria kumwomba mtu afungue banio kwa ajili ya kamera. Maji yale ni chakula cha watu.

Kuuliza kwenyewe kuna utaratibu wake. Korongo liko mwisho wa kihamba cha mtu, na kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, ni urithi wa ukoo, mipaka yake ikiwekwa kwa isale, mmea ambao Wachagga huuheshimu sana. Haifai kupenya katikati ya isale kwa sababu tu njia ya mkato ni hiyo. Hupiga hodi, nikaamkia, "Shikamoo bibi," nikajieleza ninatoka wapi na ninatafuta nini, na aghalabu huitwa mjukuu mmoja anionyeshe pa kushukia. Akina mama wanaokata majani ndio wanaojua kila shina la kushikilia na kila jiwe lenye utelezi. Wao pia ndio watakaokuambia kama kidimbwi cha chini ni mahali pa kuogea, na ni saa ngapi hupaswi kuonekana huko na kamera.

Mwanga nao una majira yake. Kilimanjaro iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri hukaa kaskazini, nyuma ya maporomoko yanayotazama kusini, na uso wake hubaki kivulini. Desemba jua huhamia kusini na kuupiga uso ule moja kwa moja, maji yakawa meupe kupita kiasi na mawe yakawa meusi ti. Kwa picha ninazozipenda, ambazo maji hulainika kwa kuacha shata, yaani kilango cha mwanga cha kamera, wazi robo sekunde hadi sekunde moja, kivuli ndicho ninachokitaka, kwa hiyo nachagua Juni baada ya masika, wakati mito bado imejaa. Filta ya polaraiza huondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa, na vitambaa vikavu havitoshi kamwe, kwani manyunyu hufika kwenye lenzi kabla hujamaliza kusimamisha tripodi.

Hatari kubwa hutoka juu. Mvua yaweza kunyesha msituni huku vijijini kukiwa na jua kali, na mto ukapanda ghafla. Maji yakianza kubadilika rangi au kuleta majani, tunapanda ukingoni hapo hapo, picha iwe imepatikana au haijapatikana. Ukipita mstari wa mashamba na kuingia msituni umeingia Hifadhi ya Taifa, ambako hodi ya bibi haitoshi tena na kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kinahitajika.

Picha huzionyesha hapa, lakini alama za ramani siziweki. Anayetaka kufika aende ofisi ya kijiji, aonane na mwenyekiti wa kitongoji, naye atampeleka kwa wenye kihamba.