Trekta la kwetu Kongwa: nilivyolichagua na tulivyopatana bei

Tangu nirudi nyumbani, ndugu na marafiki walioko Marekani wananiuliza kwa nini sikuja na trekta ndani ya kontena. Wanajua nilikuwa Michigan, kwenye mashamba ya matufaha kaskazini mwa Grand Rapids, na kwamba kwa miaka mingi niliendesha trekta dogo la Kubota la rangi ya chungwa, nikivuta tela la makreti katikati ya mistari ya miti. Wanajua pia nilivyokuwa nikisema kuwa siku nikirudi Kongwa, cha kwanza kwa shamba letu huku mkoani Dodoma ni trekta. Nimerudi, trekta nimelipata, na si la aina ile. Naandika haya kwa wenzangu wenye shamba nyumbani na akiba ugenini, kwa sababu hela ya trekta ni jasho la miaka na inaweza kuyeyuka ndani ya wiki moja.

Matrekta madogo ya kule yametengenezwa kwa kazi za kule. Mtu ana ekari 5 au 10 kuzunguka nyumba yake. Anafyeka nyasi, anasukuma theluji, anabeba kuni na mbolea kwa koleo la mbele. Kwa kazi hizo, trekta la nguvu za farasi 25 lenye gia ya haidroliki ni raha tupu: unakanyaga pedali linakwenda mbele, unakanyaga nyingine linarudi nyuma, klachi huigusi. Ila gia ya namna hiyo hula sehemu ya nguvu ya injini kabla haijafika kwenye matairi, na trekta lenyewe ni jepesi, mengi hayafiki tani moja. Kulima kunataka uzito. Plau ikishazama kwenye udongo mgumu, trekta jepesi huzungusha matairi palepale, hata injini iwe na afya kiasi gani.

Halafu kuna habari ya moshi. Sheria za Marekani kuhusu moshi wa dizeli hubana zaidi injini inapovuka nguvu za farasi 25 hivi, ndiyo maana madukani kule utakuta matrekta mengi yameishia 24 na pointi. Yanayozidi hapo, hasa ya miaka ya karibuni, mengi yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi, pamoja na sensa na kompyuta ya kulisimamia. Chujio hilo linataka dizeli yenye salfa kidogo mno, isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Sasa trekta likigoma Januari, katikati ya msimu, kwa sababu sensa imekataa, nani hapa Kibaigwa, mji wetu wa soko la mahindi, atakusomea hiyo kompyuta? Ushuru wa forodha wa trekta la kilimo katika Afrika Mashariki ni sifuri, hilo nalijua, na bado sikuona sababu ya kulisafirisha baharini.

Ardhi ya kwetu nayo ina historia yake na mashine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Wakaleta matrekta yaliyobaki vitani, wakaleta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo huu mvua ikikatika hukauka ukawa kama sakafu ya saruji, na chembe zake kali zilisaga majembe yao. Spea zilikuwa mbali, mafundi wachache. Kufikia 1951 mradi ulifungwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Wazee wa kwetu wamekua na habari hizo. Nilipomweleza mjomba kwamba natafuta trekta, hakuniuliza nguvu wala rangi. Aliuliza, "Mwanangu, likifa, nani atalifungua? Na kifaa utakitoa wapi?"

Nikaenda kukaa sokoni Kibaigwa. Nawashauri wote mfanye hivyo kabla ya kumpigia muuzaji yeyote. Kaa pale lori zinapopakia mahindi, uangalie matrekta yanayoingia na matela, na uongee na madereva. Utaona Massey Ferguson za kila umri. Utaona Farmtrac na New Holland zilizoingizwa na SUMA JKT, shirika la uzalishaji la Jeshi la Kujenga Taifa, kutoka India baada ya Kilimo Kwanza, kampeni ya serikali ya 2009. Utaona Swaraj. Niliuliza kila dereva aliyekuwa tayari kuongea: kimekufa nini mwisho, kilipatikana wapi, mlisimama muda gani? Majibu yao yalinisaidia kuliko kitabu chochote cha muuzaji. Wenye Massey walitaja duka lililo hatua chache kutoka pale. Wengine walitaja Dodoma mjini au Morogoro. Mmoja mwenye trekta dogo la Kijapani alitaja Dar es Salaam, kisha akasema bado anasubiri.

Hayo ya Kijapani yaliyotumika, Kubota, Yanmar, Iseki, yalinivuta sana, sifichi. Magurudumu yote manne yanavuta, mengi yanakuja na rota yake ya kutifulia udongo, bei haitishi. Mkulima wa mpunga kule Mbarali ningemwambia achukue bila wasiwasi, kwenye majaruba ndiko kwao. Kwetu huku wa mahindi, alizeti na mtama, kwenye udongo huu, ningekuwa nalibebesha kazi isiyo yake. Na modeli nyingi ziliuzwa Japani kwenyewe tu, kwa hiyo kifaa cha giaboksi kinaweza kukugharimu msimu mzima wa kusubiri.

Basi nikaamua: Massey Ferguson 240. Injini ya Perkins ya silinda tatu, nguvu za farasi karibu 47, uzito unaokaribia tani mbili, gia za kawaida, hakuna kompyuta. Kwa desturi za mafundi wa huku, diski moja ya plau inataka nguvu za farasi 20 na ushee, kwa hiyo 240 inavuta diski mbili vizuri. Diski tatu waachie wenye 60 kwenda juu. Shafti yake ya nyuma inazunguka mara 540 kwa dakika, kipimo kilekile cha mashine za kupukuchua mahindi, hivyo baada ya mavuno trekta halilali.

Yadi ya kwanza ya matrekta yaliyotumika Dar es Salaam, mimi, mjomba na fundi wetu, tuliondoka mapema. Rangi ilikuwa mpya inang'aa, imepakwa mpaka juu ya mipira ya haidroliki, na fundi wetu alipoweka kiganja kwenye bloku ya injini akanitazama tu. Ilikuwa ya moto. Trekta lililopashwa moto kabla mnunuzi hajafika linaficha jinsi linavyowaka asubuhi.

La pili nilimwomba muuzaji kwa simu asiliwashe, naye alitimiza. Liliwaka kwa shida kidogo, likatoa moshi mweupe, likatulia. Moshi wa bluu usioisha ungetuondoa, maana hiyo ni oili inaungua ndani. Fundi akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kipande cha kadibodi juu ya tundu ili aone kama upumuo unakirusha, dalili ya injini iliyochoka ndani. Kilitikisika tu, hakikuruka. Akachomoa kijiti cha oili, hakuna weupe wa maji. Kisha akafunga plau, akainyanyua juu kabisa, akazima injini, akasema twende tukanywe chai. Tuliporudi plau ilikuwa imeshuka kiasi cha shubiri, yaani haidroliki inavuja ndani. Akaandika. Oilsili, mpira wa kuzuia oili, ya ekseli ya nyuma, upande wa kulia, ilikuwa inavuja. Akaandika. Usukani ulikuwa na uchezi, breki za pande zote mbili nzima. Mwisho akalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, tarakimu moja moja, kwa kidole.

Wakati wote huo muuzaji alikuwa anaongea na fundi na mjomba. "Mzee, mashine hii hutaijutia." Mjomba akamjibu, "Ongea na huyu, mwenye mali ni yeye." Ndipo akanigeukia: "Dada, wewe umetoka nje, hela hii kwako ni ndogo." Nikamwambia, "Kaka yangu, hela hii ni ya shamba, na shamba liko Kongwa. Tuongee bei ya Kongwa." Kina dada mnaokwenda kununua, msikasirike akianza hivyo. Nendeni na fundi na mzee, ila bei itoke mdomoni mwenu.

Alianzia milioni 29. Sisi usiku uliotangulia tulishakubaliana kwamba ikizidi 26 tunaondoka, na nikaomba asiyejisikia kushikilia hilo abaki nyumbani. Nikasema 23. Akacheka, akasema maelewano yapo. Hapo nikatoa ile karatasi ya fundi. Sikuitumia kuomba apunguze laki huku na laki kule. Nilitaka oilsili ibadilishwe na haidroliki ifunguliwe palepale yadini, fundi wetu akiangalia, pamoja na oili zote na filta mpya. Punguzo la laki tatu halina maana kama kuitengeneza kasoro ukiwa kijijini kutakula laki sita na siku tano za mvua.

Akashuka hadi 26 na nusu, akasema hiyo ndiyo kauli ya mwisho. Nikanyamaza. Mjomba akaanza kuuliza habari za nyumbani kwake na watoto wake, na walipomaliza hayo nikauliza plau ya diski mbili iliyoegemea ukutani ni ya nani. Tukamaliza kwa milioni 25 na laki tano, plau ndani, matengenezo ndani. Michigan niliona jambo linalofanana: muuzaji anakupa mkopo usio na riba au punguzo la fedha taslimu, vyote viwili hupati, na anayeangalia malipo ya mwezi peke yake hulipa zaidi. Kote kule na huku, uliza jumla ya mwisho yenye kila kitu ndani yake, iandikwe, ndipo ulinganishe.

Dalali hatukumpitia, kwa hiyo hapakuwa na cha juu. Mkataba wa mauziano tuliandikisha kwa wakili, malipo yakapita benki: sehemu siku ya kusaini, nyingine baada ya matengenezo kukamilika na karatasi za kubadilisha umiliki kupelekwa TRA, mamlaka ya mapato. Kuna waliokuwa wananihimiza nitume zote ili "kumshika" muuzaji. Hela ikishatoka mkononi hushiki kitu.

Na usafiri, hili wengi hawalifikirii. Lori zinazokwenda Kibaigwa kufuata mahindi hupanda tupu. Tulitafuta dereva wa lori la namna hiyo badala ya kukodi gari maalumu, tukalipia sehemu ndogo ya tulichotajiwa mwanzo. Hakikisha tu kuna tuta la kushushia, trekta lifungwe kwa minyororo pande nne, na mtu wenu asafiri nalo.

Wanaopanga trekta lirudishe hela kwa kukodisha, pigeni hesabu kwa utulivu. Kulima kwa diski kunakula lita 7 hadi 10 za dizeli kwa ekari kutegemea ardhi, kisha kuna dereva, diski zinazolika, na bolti zinazokatika kwenye visiki. Dereva wetu anaandika kwenye daftari saa alizoanza, saa alizomaliza, mafuta aliyoweka na shamba la nani. Oili ya injini inabadilishwa kwa saa za kazi, hatungoji iwe nyeusi.

Msimu huu tunaanza na shamba letu na la shangazi, kwa sababu mvua ya kwanza ya Desemba haingojei foleni ya trekta la kukodi, na miaka yote tulikuwa tunapanda tumechelewa. Majirani watafuata, kwa bei ileile ya Kibaigwa. Kinachobaki ni ripa ya meno mawili, ili ekari zenye udongo mgumu zaidi zichanwe mistari tu bila kupinduliwa zote. Fundi mmoja wa kuchomelea Dodoma mjini ameshanionyesha alizotengeneza, na bei bado tunaongea.